Kurasa Zinazosogea Zenyewe

Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, mwanamke aliyepotea siku kumi na moja zilizopita alifunua ukurasa mwingine.

Simu ya mdogo wake ililia mara moja tu, mlio mdogo kama tone likianguka kwenye sufuria. Mdogo mtu huyo alikuwa muuguzi, bado amevaa sare ya zamu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliigeuza simu juu ya meza akamsogezea Inspekta. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja:

*Umesoma hadi ukurasa wa 301 kwenye kifaa kingine. Ungependa kwenda huko?*

"Jana ulikuwa wa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Mia mbili tisini na nane."

"Kurasa tatu."

"Tatu kwa siku nzima, afande. Dada yangu mimi, anayemaliza kitabu kabla chai haijapoa." Muuguzi akashika kingo za meza. "Kila siku kinaniuliza kama ningependa kwenda huko. Ningependa! Kingeniambia tu ni wapi."

Walikuwa sebuleni kwa dada aliyepotea, mkalimani wa mahakamani, ghorofa ya sita, ghorofa ya mwisho ya jengo. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa vikauke. Viatu vya kazini vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi. Simu ya mkalimani ilikutwa kwenye chaji, vitambulisho vyake vyote droo ya kwanza. Vilivyokosekana ni viwili tu: mkoba wa begani, na kibao cha kusomea vitabu ambacho alikuwa hakiachi hata akienda kuanika nguo.

Kibao chenyewe hakikuwa na maajabu. Hakikuwa na laini ya simu wala kamera, na hakikuweza kutuma ujumbe. Kilibeba vitabu, basi. Betri yake ilikaa hata wiki tatu. Lakini kila kilipopata waifai kinayoijua, kilijiunga chenyewe na kutangaza kimefika ukurasa gani, na kwa kuwa dada hawa wawili walisomea akaunti moja, tangazo lile lilifika kwenye simu ya mdogo.

Majirani walikwisha kukata shauri. Ghorofa ya tano walisema mkalimani amekufa, na roho yake imebaki ikimalizia kitabu. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alikwenda mbali zaidi: lifti ilikuwa inalia. Lifti hiyo ilikufa miaka sita nyuma, milango yake imepigwa mbao kila ghorofa, lakini mama yule aliapa kwamba akiweka sikio kwenye mbao husikia mtu akikwaruza koo, kama anayetaka kusema akasahau neno. Msimamizi wa jengo alicheka. Ni njiwa, alisema. Inspekta aliandika yote mawili daftarini, kilio na njiwa, kwa maana alikuwa mwanamke wa kuandika kila kitu. Faili lilikuwa mikononi mwake kwa siku nne tu. Kabla ya hapo lilikaa kituo kidogo, ambako muuguzi aliambiwa dada yake ni mtu mzima, akichoka huko aliko atarudi.

"Nipe tena zile hesabu za kurasa," alisema.

"Nimekupa mara mbili, afande."

"Nipe ya tatu. Mara ya tatu ndipo watu hukumbuka."

Muuguzi alifungua daftari lake la wodini, lenye kurasa za kurekodi joto na mapigo ya moyo. Siku ya kwanza, hakuna. Kuanzia siku ya pili mpaka ya saba, kurasa arobaini na kitu kila siku, bila kukosa. Siku ya nane, ishirini na moja. Ya tisa, kumi na mbili. Jana, saba. Leo, tatu.

"Ingekuwa mgonjwa wangu," muuguzi alisema polepole, "ningeita daktari."

Inspekta aliipigia mstari siku ya saba.

*

Fundi wa mtandao alikuwa akisubiri ukumbini, amekaa chini na kompyuta mapajani. Jengo zima lilimwita Waya, utani uliomwotea mizizi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuondoa waya. Miaka kumi iliyopita alipita mlango kwa mlango akitoboa kuta na kuvuta nyaya. Kisha waifai ikaingia, na wapangaji walewale wakamwita azing'oe. Kila mtu alitaka mtandao wa hewani: kitandani, jikoni, chooni.

"Sasa wanadhani ni kama Mungu, uko kila mahali," Waya alisema, bila kuinua kichwa. "Mtu anaingia ndani ya kabati la chuma ananipigia: fundi, netiweki imekwenda wapi? Jamani! Huu mtandao unaogopa chuma, unaogopa zege, unaogopa maji kuliko paka. Hatua hamsini tu ushaanza kukohoa."

"Umeniambia kibao kimejiunga na ruta ya juu ya paa."

"Ndiyo, ile ya kwenye mlingoti. Kila ghorofa ina yake, lakini hii ya paa antena yake inatazama uani. Ndiyo maana tukasema kibao kiko uani." Aligeuza kompyuta. Katika orodha ndefu ya vifaa, jina la kibao lilikuwa limewaka kijani, na mbele yake namba. "Hasi tisini na moja. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mtu alivyo karibu. Wewe na simu yako hapa ni hasi arobaini. Huyu ni mtu anayenong'ona ng'ambo ya barabara."

"Na huja saa nne na kitu, huondoka saa sita."

"Kila siku. Kama mwajiriwa."

Ni ratiba hiyo iliyowapoteza. Inspekta alitafuta mtu anayefika uani saa nne na kuondoka saa sita, akampata: msambazaji wa gesi, mwenye pikipiki, ambaye huegesha chini ya ukuta akisubiri simu za wateja. Walimpekua, wakamweka kituoni siku nzima. Saa nne na nusu, msambazaji akiwa amekaa mbele ya meza ya Inspekta akilia kama mtoto, kurasa zilisogea. Walimwomba radhi. Siku iliyofuata walivunja kufuli la kiwanda cha kuchapia vitabu kilichofungwa, ng'ambo ya uani, wakapita chumba kwa chumba na tochi. Walikuta mashine zilizofunikwa turubai, wino uliokauka kama damu ya zamani, na vumbi lisilokanyagwa.

"Kesi zake alizopangiwa mahakamani ni saba," alisema Inspekta, kama anayejisemea. "Nimezungumza na pande zote. Hakuna aliyenipa kitu."

Alirudi ndani kunawa mikono. Wino wa kalamu ulikuwa umemvujia vidoleni. Alifungua bomba la jikoni. Bomba likakohoa. Likatema matone mawili ya kutu, likavuta pumzi ndefu, likanyamaza.

Na sebuleni simu ya muuguzi ikalia.

*Umesoma hadi ukurasa wa 302 kwenye kifaa kingine. Ungependa kwenda huko?*

Inspekta alisimama vilevile, vidole vyake vyeusi vimening'inia juu ya sinki. Nywele za mikononi zilimsimama. Lakini miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba linalosisimua mwili mara nyingi lina sababu, na sababu hiyo haikai mbali.

"Maji hukatika hapa kila siku?" aliita.

"Ghorofa hii ndiyo ya kwanza kukauka," muuguzi alijibu. "Dada alikuwa akilalamika sana. Watu wanaoga, wanafua, mpaka saa nne matangi yameshuka. Msimamizi anawasha pampu saa sita."

"Saa sita."

"Saa sita kamili. Ana saa kichwani, mzee yule."

Inspekta alitoka ukumbini mikono ikiwa bado michafu.

"Fundi, juzi Jumapili kibao kilikaa kwenye mtandao mpaka saa ngapi?"

Waya aliteremsha orodha. "Jumapili... ajabu. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja jioni."

"Jumapili kulitokea nini jengoni?"

"Hakuna kitu. Ibada, watoto, kelele." Akasita. "Pampu. Pampu iliungua asubuhi. Hatukuwa na tone la maji mpaka jioni, wapangaji nusura wamle msimamizi mzimamzima."

Wakatazamana.

"Unaogopa maji kuliko paka," alisema Inspekta. "Ni maneno yako. Tangi likijaa, mawimbi hayapenyi?"

"Tangi la lita elfu tano? Ni ukuta, afande. Likishuka, yanapita juu ya maji, yanapita kwenye plastiki kama hakuna kitu."

"Na ile antena inatazama uani. Haina kisogo? Mtu akisema anatazama mbele, aliye nyuma yake hasikii kabisa?"

"Anasikia. Kidogo sana. Anasikia kama... kama mnong'ono."

"Nyuma ya antena kuna nini?"

"Matangi matatu, yamepangwa mstari."

"Na nyuma ya matangi?"

Macho ya fundi yalikwenda kwenye mbao zilizopigiliwa kwenye mlango wa lifti, hatua tano kutoka alipokaa.

"Chumba cha mashine ya lifti," alisema. "Lakini kile hakina mtu, mama. Kile kimefungwa miaka."

*

Ngazi ya kwenda paani ilianzia mwisho wa ukumbi uleule. Chini yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa askari ambaye Inspekta alimweka siku ya saba kulinda mlango wa mkalimani, mchana na usiku kwa zamu, asipite mtu mlangoni wala ngazini. Kijana alisimama wima.

"Wewe ndiye uliyekagua paa," Inspekta alisema. "Uliandika: matangi matatu, mlingoti, chumba cha mashine kimefungwa, ufunguo umepotea, ndani ni tupu. Nani alisema ni tupu?"

"Msimamizi, afande."

"Uligonga?"

"Maji yalikuwa yanaingia kwenye matangi, afande, kelele tupu. Nilichungulia tundu la ufunguo. Giza."

"Tangu ukae hapa, nani ametaka kupanda juu?"

"Hakuna. Ila msimamizi mwenyewe, mara tatu nne. Anasema anataka kutazama boya la tangi. Nikamwambia amri ni amri." Kijana alitabasamu kidogo, akitarajia sifa. "Jana alikuja na chupa ya chai na mkate, eti atakula huko juu apunge upepo. Nikamrudisha."

Tabasamu halikupata mwenzake. Inspekta alikuwa amefungua daftari pale alipopiga mstari. Arobaini na mbili, arobaini na nne, arobaini na tatu. Kisha mlinzi na kiti chake. Kisha ishirini na moja, kumi na mbili, saba, tatu.

"Mwite msimamizi aje na funguo zake zote," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. "Aje na wewe, usimwache nyuma hata hatua moja. Fundi, twende. Muuguzi, chukua maji."

Paani jua lilikuwa kali, zege jeupe linaumiza macho. Hakukuwa na sauti isipokuwa ya njiwa wawili ukingoni. Waya alikwenda mbele na simu yake imewasha programu ya kupimia mawimbi ya kile kibao, mkono umenyooshwa kama mtu anayepeleka taa shimoni. Alitembea upande wa uani: hakuna kitu. Alikaribia matangi. Alipita katikati ya la pili na la tatu, kiubavu, tumbo limebanwa na plastiki.

"Hasi sabini," alisema. "Sitini na mbili. Hamsini na tano." Kisha hakusema namba tena. Alionyesha tu.

Kilikuwa kichumba cha zege kisichozidi vitanda viwili, kimechomoza juu ya paa kama jeneza lililosimamishwa. Mlango wa chuma. Juu, karibu na dari, tundu la hewa la ukubwa wa tofali, limetazamana na tumbo la tangi. Chini, mashine ilikokuwa, sakafu ilikuwa na mashimo ya kamba za lifti. Na mashimo hayo, kama yule mama wa ghorofa ya nne angeulizwa vizuri, yalishuka moja kwa moja mpaka sikioni mwake.

Muuguzi aliuvamia mlango kwa viganja vyote viwili. "Dada! Dada!"

Hakuna aliyejibu. Kisha, kwa upande wa pili, chini kabisa karibu na sakafu, kitu kiligusa chuma. Mara moja. Mara ya pili kikakosa nguvu, kikateleza.

Waya alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga tangi.

Msimamizi alitokea akifuatwa na askari. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyeitwa Mzee Funguo na watu wazima na watoto, kwa lile pete kubwa la funguo lililokuwa likimlia kiunoni kama kengele ya mbuzi. Leo lilikuwa kimya. Alilishika kwa mkono.

"Ufunguo wa hapa," Inspekta alisema.

"Ulipotea, mwanangu. Kampuni ya lifti—"

"Boya la tangi mara nne. Chai na mkate. Pampu saa sita kamili. Mzee, sikuulizi kama unao. Nakuuliza uko wapi."

"Wallahi ulipotea."

Inspekta alimgeukia askari. "Leta nyundo na patasi. Vunja bawaba."

Kijana alikuwa amekwisha kugeuka Mzee Funguo aliposema, kwa sauti isiyofanana kabisa na ya kwanza: "Msivunje. Mtamwangushia mlango. Hulala pale chini, penye upenyo, apate hewa."

Aliinama taratibu, akavua kiatu cha kushoto, akatoa ufunguo ndani ya soksi.

*

Alikuwa hai. Alikuwa amelala ubavu juu ya boksi lililofunguliwa, mkoba wa begani chini ya kichwa, midomo imepasuka, kibao kimeegemea kifuani na mwanga wake mdogo ukimulika kidevu. Ndoo mbili kwenye kona. Sahani nne zimepangwa, safi, kama zilizolambwa. Mdogo wake alipiga magoti, akamlowesha midomo kwa ncha ya kitambaa, tone kwa tone, akihesabu mapigo ya mkono huku machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali.

Mkalimani alijaribu kusema. Hakikutoka kitu. Siku za kwanza alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha. Basi akainua mikono, na vidole vyake vikaanza kusema, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, wa pekee katika mahakama ile, mdomo wa viziwi wote waliopita pale.

"Anauliza leo siku gani," alisema muuguzi, aliyejifunza alama chache kwa kuishi naye.

"Jumanne," Inspekta alimwambia.

Vidole vikasogea tena.

"Anasema: Ijumaa nina kesi."

Gari la wagonjwa lilimchukua saa sita kasoro robo. Inspekta alibaki ameketi kwenye ngazi ya paa, na Mzee Funguo vidato viwili chini yake, pingu mikononi. Zile funguo zilikuwa zimewekwa kwenye mfuko wa vielelezo.

"Ulimpandishaje?" Inspekta alianza.

"Nilimwambia nguo yake imenasa kwenye mlingoti. Akanifuata, anasoma huku anapanda. Nilipofunga mlango, simu yake ilikuwa imebaki ndani kwake. Sikumgusa, mwanangu. Siku sita nilimpelekea chakula asubuhi na jioni, wali, matunda, maji ya chupa. Nilitaka Ijumaa ipite tu. Mkalimani ni huyu mmoja tu, kila tarehe alikuwa kwenye kesi nyingine, na hakimu alisema kesi ikiahirishwa tena kwa kukosa mkalimani, anaifuta."

"Kesi ipi?"

"Ya lori. Lililomgonga mwalimu likakimbia." Mzee alitazama pingu. "Mshtakiwa ni mwanangu. Anatumia jina la babu yake mzaa mama, ndiyo maana hukuliona daftarini mwako. Shahidi ni mmoja, dobi, kiziwi. Alionyesha lile lori kwa kidole, na mwanangu akakutwa pale pale kwa mwalimu, damu mpaka kwenye viwiko. Mwenye lori akaapa kwamba mwanangu ndiye aliyeliendesha, akaliegesha mbele na kurudi kwa miguu. Mpaka leo hakuna aliyepata kumsikia yule dobi anasema nini. Nilimwendea mkalimani. Nilipiga magoti, mzee kama mimi, nikamwomba aseme tu hakuelewa. Akanijibu kwamba yeye ni mdomo wa mtu mwingine, na mdomo wa kuazima hausemi uongo."

"Na mwanao, alikuambiaje?"

"Kwamba hakuwa yeye usukanini."

"Ukamwamini?"

Chini, mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Mzee Funguo alisema mwishowe. "Lakini yule mtoto alianza kunidanganya akiwa na miaka saba. Amenidanganya shule, amenidanganya kazi. Nikasema hata hili ni uongo."

"Kwa hiyo hukumwamini."

"Nilimpenda. Nilidhani inatosha."

Inspekta alifunga daftari. Kulikuwa na jambo moja ambalo lazima angeliandika katika ripoti, kwa mkono wake mwenyewe, chini ya jina lake: kwamba tangu siku ya saba mateka hakupata chakula wala maji zaidi ya yale aliyojiwekea akiba, na kwamba aliyeziba ile ngazi ni yeye. Aliliandika jioni ile ofisini kabla hajavua hata koti, na hakulipamba.

*

Ijumaa chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Daktari alikataa kumruhusu; mkalimani alisaini karatasi ya kutoka kwa hiari yake akaja kwenye kiti cha magurudumu, mdogo wake akimsukuma. Sauti ilikuwa imemrudia nusu, ya kukwaruza, na hakimu aliamuru feni zizimwe ili isikike.

Mzee Funguo alikuwa na shtaka lake mwenyewe la kusomewa asubuhi ileile. Alikalishwa kwenye benchi la nyuma baina ya askari wawili. Mbele yake, kizimbani, palikuwa na kisogo cha mwanawe: kijana mwenye shingo nene na mabega yaliyoshuka. Inspekta alisimama ukutani.

Dobi alipanda. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni. Miezi mitano alikuwa amekuja kila tarehe, amekaa, ameondoka bila kuulizwa lolote. Alimtazama mkalimani, na uso wake ukafunguka kama mlango. Mikono yake ikaanza kwenda mbio, na mkalimani akamwashiria apunguze.

"Anasema: lori ni lile, kweli. Lilitoka upande wa soko, kwa kasi," ilisema ile sauti ya kukwaruza. "Anasema alikuwa anaanika mashuka. Mwalimu alikuwa anavuka. Anasema lori halikupunguza."

Mwendesha mashtaka alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwulize kama alimwona dereva."

Mikono miwili ikazungumza. Kisha mkalimani akamwashiria dobi arudie. Dobi akarudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Alionyesha usukani, akaonyesha mtu mnene mwenye miwani. Akaonyesha mlango wa upande wa pili ukifunguka, mtu akiruka.

"Anasema: ndiyo, alimwona dereva. Ni bwana mnene, mwenye miwani. Hakushuka; aliinamisha kichwa." Mkalimani alivuta pumzi. "Anasema huyu kijana alikuwa upande wa pili. Aliruka lori likiwa bado linakwenda, akaanguka, akainuka. Alimwinua mwalimu kichwa, akaziba damu kwa shati lake mwenyewe. Lori likaondoka. Anasema kijana alikuwa anapiga kelele. Yeye hakuzisikia, lakini aliuona mdomo wake."

Katika safu ya tatu, mwenye lori, bwana mnene ambaye hakukosa tarehe hata moja, alivua miwani na kuanza kuifuta, akaendelea kuifuta. Inspekta alisogea mlangoni, akausimamia.

"Ana la kuongeza?" aliuliza hakimu.

Dobi alikuwa ameshuka hatua moja. Alimgeukia mshtakiwa na kufanya alama mbili fupi.

"Anamwambia: nimechelewa, nisamehe. Kila siku nilikuwa nasema, hapakuwa na mtu wa kunisikia."

Kule nyuma, Mzee Funguo alisimama bila kuambiwa. Pingu zililia. Askari walimshika mabega, lakini hakuwa akienda popote. Alisimama tu, mdomo wazi, akikitazama kisogo cha mwanawe.

Kijana alizisikia zile pingu. Kila mtu mle ndani alizisikia. Hakugeuka.